Udongo wa Kilima cha Shabaha

Udongo ule ulikuwa mtamu mno. Hilo ndilo lililomtia Biasha wasiwasi, ila hakuacha kuula.

Mimba yake ya kwanza ilitamani udongo, kama mimba nyingi pale Gwata. Zamani wanawake waliuchimba kichuguuni. Tangu kijiji cha ujamaa kihamishiwe chini ya kilima ambacho askari walikipigia shabaha, waliuchimba huko, siku ambazo bendera nyekundu ya mazoezi imeteremshwa. Ulikuwa wa kijivu, laini, wenye vipande vya risasi ambavyo Biasha alivitema kama mawe ya mchele.

"Kohoa tena," alinong'ona mama mkwe wake, Bi Zubeda.

Biasha akakohoa. Mate yalitoka meusi, yakinuka baruti na yai viza.

"Mtoto anacheza?"

"Tangu juzi hachezi, mama."

Wakamwita mganga, Mzee Saburi. Alimfunika shuka, akamfukiza ubani, na hapo tumbo likaanza kulia ta-ta-ta kama bunduki za mazoezi, na sauti nzito ikapanda kooni mwa Biasha pamoja na funda la uji mweusi, ikisema mimi ndiye mwenye kilima, wamenishindilia risasi mpaka nimeoza, na anayenila atanibeba, tumboni humu nimepata pa kulala, na hiki kichanga kitanipisha.

"Hapishwi mtu hapa!" Saburi alifoka. "Toka, jini mchafu we! Biasha, mwanangu, apa hutaula tena udongo ule."

"Naapa... siuli."

Akatapika. Kilitoka kitu kama utumbo wa samaki, kikajiburuta hadi nje ya kizingiti, kikiacha ute mweusi sakafuni. Tumboni, mtoto akapiga teke.

Bi Zubeda alilia kwa furaha. Kesho yake alikandika upya chumba cha mkwewe, ajifungulie mahali safi. Alasiri Biasha akajilaza kando ya ukuta mbichi. Harufu tamu ikamjaa puani.

"Mama, udongo huu umetoka wapi?"

"Kulekule. Mganga kakataza kuula, hakukataza kukandikia."

Ukuta ulikuwa ukitoa jasho la kijivu. Biasha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na mtoto tumboni akatulia tuli kama anayesikiliza, na ulimi wa Biasha ukajipenyeza katikati ya vidole, polepole, ukarefuka kuelekea ukutani.