Uvundo Uliofichwa kwa Sabuni

Kila alfajiri, Mama Dobi huwa wa kwanza kusikika mtaani. Kwanza ndoo hugonga sakafu. Kisha maji humwagika. Kisha yeye mwenyewe huanza kuyasema mashuka, kama mtu anayewasema watoto wavivu.

"Wewe doa la chai, leo utatoka tu. Mimi na wewe leo!"

Kazi yake ni kuifulia nyumba moja ya wageni. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake wawili. Mashuka yake hutoka meupe pe. Akishayaanika, hushika kiuno na kuyatazama. Husema waziwazi kwamba mtaa mzima hakuna mwenye mkono kama wake. Wala hadanganyi.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta, kuna dampo la manispaa. Malori humwaga taka humo kutwa nzima. Chini ya lundo kuna dimbwi la maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka.

Siku moja msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja amebeba mzigo wa mashuka. Akautua mlangoni.

"Dada yangu, haya yarudie. Wageni wanalalamika. Yananuka mayai viza."

Mama Dobi alichukua shuka moja, akazika pua ndani yake. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Mimi nasikia sabuni tu."

"Mimi nasikia mayai," alisema msimamizi. "Nakuheshimu sana, lakini yakiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi ujao, nitatafuta dobi mwingine."

Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa ameinamia gurudumu uani. "Labda wageni wenyewe hawaogi," alisema.

Mama Dobi hakucheka. Alikwenda dukani akanunua sabuni yenye manukato makali. Mashuka yakawa yananukia maua na kunuka mayai kwa pamoja. Wageni wakazidi kulalamika.

Wakazi wa mtaa walikuwa wameshaipelekea manispaa malalamiko yao. Manispaa ikajibu kwamba itamtuma mpimaji. Kabla ya kutumia fedha za umma, ilitaka kujua uvundo una nguvu kiasi gani na unatoka wapi hasa. Hewa ingechukuliwa mbele ya nyumba ya Mama Dobi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukuta.

Mama Dobi aliposikia hivyo, alishika ufagio. Alifagia njia nzima, akaimwagia maji ya sabuni, kisha akaanika mashuka yenye manukato kwenye uzio wote.

"Unafanya nini?" mume wake aliuliza.

"Mgeni anatoka manispaa. Nimpokee kwenye uvundo? Aende kusema sisi ni wachafu?"

Mpimaji alifika jua likiwa limeshapanda na upepo ukivuma. Alikuwa msichana mrefu mwenye buti za mpira. Mkononi alikuwa na pampu ndogo na mfuko mweupe wenye mrija. Alisimama langoni, akanusa, akatabasamu.

"Mama, hapa pananukia kama harusini."

"Asante, mwanangu. Dobi ni mimi."

"Hilo ndilo tatizo, mama. Mimi nimefuata uvundo."

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwelezea. Hewa inayokusanywa kwenye mfuko hupelekwa kwenye chumba maalumu. Humo kuna watu wanaoishi mbali na dampo, ambao pua zao zimejaribiwa. Wananusishwa hewa hiyo ikiwa imechanganywa na hewa safi. Hewa safi huongezwa mpaka nusu ya watu hao waseme hawasikii tena harufu.

"Kadiri hewa safi inavyohitajika nyingi, ndivyo uvundo ulivyo mkali," alisema. "Sasa nikipeleka hewa hii, watanusa sabuni yako. Nami siwezi kuandika nisichokipima. Manispaa itasema hapa hakuna tatizo."

Mama Dobi aliyatazama mashuka yake uzioni. "Kumbe nimejichimbia shimo mwenyewe," alisema.

"Nilitaka kukukataza," mume wake alidakia.

"Hukunikataza!"

"Nimesema nilitaka."

Mpimaji alicheka. Mama Dobi naye akacheka, japo moyo ulikuwa mzito. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mbona mimi hayo mayai siyasikii?"

"Pua ikikaa na harufu ileile muda mrefu, huizoea. Si kosa lako. Ndiyo maana mkazi wa hapa hawezi kutunusia mifuko. Lakini nisaidie kitu kimoja. Ni wakati gani hewa hapa hutulia kabisa?"

"Alfajiri. Mashuka husimama kama ukuta."

"Basi hapo ndipo gesi ya taka, ile inayonuka mayai, hulala chini, karibu na ardhi. Upepo ukianza, huisambaza. Nawe huanika saa ngapi?"

"Alfajiri hiyohiyo," alijibu Mama Dobi polepole. Alianza kuelewa. Nguo mbichi zilikuwa zikining'inia ndani ya uvundo saa nzima.

Jioni hiyo alipita nyumba hadi nyumba. "Kesho asubuhi hakuna kumwaga sabuni njiani. Hakuna kuchoma taka. Hakuna kujipulizia manukato."

"Mama Dobi, wewe ndiye unayetukataza sabuni?" jirani mmoja alimtania. "Dunia imekwisha!"

"Haijaisha. Inapimwa."

Alfajiri hewa ilikuwa imetulia. Mpimaji alijaza mfuko wake mbele ya uzio mtupu. Kisha, kwa ruhusa ya msimamizi wa dampo, waliingia ndani, Mama Dobi akiwa amevaa buti za kuazima.

Mpimaji alifunika sehemu ya lundo kuukuu kwa chombo cha chuma kama sufuria iliyopinduliwa. Alipitisha hewa safi ndani yake, akaikusanya ilipotoka. Kifaa chake cha kupima gesi hakikuonyesha kitu cha maana, kwa sababu lundo hilo lilikuwa limefunikwa kwa udongo. Kwenye taka mpya zilizo wazi, namba zilipanda. Walipolikaribia dimbwi, kifaa kilianza kulia. Mpimaji alimvuta Mama Dobi nyuma.

"Usiinamie hapa kamwe. Gesi hii ikiwa nyingi huzima pua. Unadhani imeondoka, kumbe inakuua."

"Miaka yote nalitukana lundo," alisema Mama Dobi, "kumbe mbaya wangu ni dimbwi!"

Majibu yalipotoka, yalisomwa mbele ya wakazi. Uvundo mwingi ulitoka dimbwini, na uliobaki ulitoka kwenye taka zisizofunikwa. Manispaa sasa ilijua pa kuanzia. Maji meusi yakaelekezwa kwa bomba hadi kwenye tangi lenye mfuniko. Taka za kila siku zikawa zinafunikwa kwa udongo kabla ya jioni.

Mama Dobi naye hakukaa kungoja. Aliacha sabuni ya manukato. Nguo zilizofuliwa alfajiri alizifungia ndani, akazianika upepo ulipoanza kuvuma.

Mpimaji alirudi kupima tena. Safari hii hewa ya mbele ya uzio ilihitaji hewa safi kidogo tu ili harufu ipotee. Mama Dobi alimwomba asome majibu mara mbili, na mara ya pili aliwaita majirani wasikie. Mtaa wao ulikuwa umeuonyesha uvundo wake bila aibu, nao ukapungua.

Mwisho wa mwezi aliouweka, msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja. Alinusa shuka la juu, akachomoa la katikati, akalinusa pia. Kisha akayakunja vizuri na kuyaweka begani.

"Nina mapazia ya vyumba vyote pia," alisema. "Nikuletee kesho alfajiri?"

"Yalete," alisema Mama Dobi, mikono kiunoni. "Ila usiniharakishe. Hapa kwangu nguo haianikwi mpaka upepo uamke."