Miche Isiyo na Mizizi

Sabra hakuwa na mama. Hakuwa na viatu vya shule, wala sweta ya kuzuia baridi ya asubuhi ya mlimani Kinole. Tangu masika yaliyopita hakuwa hata na shamba la kutegemea, kwa maana maporomoko ya ardhi yalikomba udongo pamoja na migomba. Kila alfajiri alichota maji, akampikia Bibi uji, kisha akashuka kwenda shule akipita kwa Mama Agustino, jirani yao wa bondeni.

Serikali ilitangaza ruzuku ya dharura kwa wenye mashamba yaliyoharibika. Sharti lilikuwa kuchimba matuta ya ngazi na kupanda miti kingoni, ili mteremko usiporomoke tena. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama, hivyo mwenye kauli alikuwa Mjomba Mosi, dereva wa bodaboda huko Mwembesongo, mjini Morogoro.

Mjomba alipanda mlimani siku ya kuamkia ukaguzi. Alikwangua matuta juu juu, kisha akakata matawi mabichi na kuanza kuyachomeka.

"Mjomba, haya hayana mizizi," Sabra alisema.

"Kwani afisa atayang'oa? Chomeka, mwalimu wangu! Ukiulizwa, tumepanda wiki iliyopita." Sabra akachomeka pamoja naye.

Kesho yake afisa kilimo alifika.

"Shikamoo," Sabra alimwamkia.

"Marahaba, binti. Hii miche mmepanda lini?"

Sabra alimtazama mjomba wake. Kwao, mtoto hambishii mjomba.

"Wiki iliyopita."

Fedha zilitoka, Mjomba akanunua pikipiki mpya.

Masika yaliporudi, mteremko uliporomoka. Tope lilifukia jiko la Mama Agustino, naye akiwa ndani anasonga ugali. Majirani walimfukua akiwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umesagika. Hospitalini Morogoro waliukata. Sabra aliona tawi likitokeza kwenye tope, kavu kama kuni. Alikuwa amelichomeka yeye mwenyewe.

Siku hiyo hakula. Alimweleza Bibi yote, na Bibi akamwita Mosi.

"Mama, nitafungwa!" Mosi alilia.

"Ukifungwa utarudi na miguu yako miwili."

Mosi aliuza pikipiki, fedha zikaenda kwa Mama Agustino na kwenye miche ya kweli. Yeye na Sabra walichimba matuta upya, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mguu haukurudi.

Kisha Bibi akamkalisha Sabra aandike barua kwa afisa, kueleza uongo wao na kumwomba aje akague tena.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "mkubwa mheshimu, lakini uongo wake usimbebee. Ulimwogopa mjomba wako, ukamsahau anayeishi chini yetu."

Sabra aliandika jina lake, Mosi akaandika la kwake chini yake. Bibi akafunga bahasha kwa kipande cha ugali badala ya gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Mosi aliipokea na kushuka nayo mjini kwa miguu.