Mhudumu Aliyenuna

"Vua hiyo beji," alisema Mama Costancia.

Debora aliweka sinia mezani. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ndiyo kwanza amerudi kazini kutoka kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa, alikokwenda kumzika bibi yake, hata kitambaa cheusi hajakifungua kichwani. Mgahawa ulikuwa kimya. Mabasi ya Iringa na Mbeya yalikuwa bado hayajafika Mikumi.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Soma mwenyewe."

Akapewa simu. Ulikuwa ukurasa wa Mzee wa Kero. Nani hamjui Mzee wa Kero? Mtu asiye na jina wala sura, kazi yake kunung'unika: leo gemu fulani bovu, kesho mgahawa fulani chakula kimechacha. Watu walimpenda kwa sababu ana ulimi. Debora mwenyewe alikuwa akimsoma chumbani kwake na kucheka peke yake. Siku hiyo hakucheka.

"Abiria mwenzetu ametutumia hii kutoka Mikumi, mgahawa wa mabati ya kijani. Mhudumu beji yake imeandikwa Ida. Sahani kaibwaga kama anamlisha mbwa. Karibu hakuna, pole na safari hakuna, uso umekunjwa utadhani tumemuua mamaye. Dada, kama watu huwataki, nenda kalime. Abiria, mkifika hapo mwambieni dereva apitilize."

Chini kulikuwa na picha: sahani ya wali, mkono unaoiweka, na beji kifuani. Uso haukuonekana. Watu elfu tisa walikuwa wameshaisambaza.

"Mama, huyu ni mimi," alisema Debora. "Lakini hii ilikuwa Jumanne, siku ya bibi. Nilikuomba ruhusa saa nne, ukaniambia nihudumie mabasi mawili kwanza."

"Kwani nilikukatalia? Si ulikwenda?"

"Niliondoka saa nane. Nilitaka kumwosha bibi pamoja na wenzangu. Nimefika wameshamaliza."

Mama Costancia alitazama pembeni kidogo. Hakuwa mtu mbaya huyu mama, tuseme ukweli. Alikuwa mfanyabiashara.

"Abiria hajui habari za bibi yako, mwanangu. Ana dakika kumi na tano, anataka wali na uso mzuri. Tangu Jumamosi madereva wawili hawasimami hapa. Nikikuacha, na wa tatu ataondoka."

"Na jina lenyewe si langu. Ida aliacha kazi mwaka jana, ukanipa beji yake nivae mpaka utengeneze nyingine."

"Ndiyo hiyo nasema uivue."

Akaivua. Akapanda chumbani kwake, akakaa kitandani na viatu vyake, akampigia Octavian.

Octavian alikuwa mchumba wake, fundi simu Kilosa, karibu na stesheni. Miaka miwili walikuwa pamoja. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa mjomba Yared, na bibi alipofariki wazee wakasema jibu lisubiri arobaini ipite. Kwa Debora huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza wa kumlilia.

"Octa, nimefukuzwa kazi."

"Nini? Nani amekufukuza?"

"Mzee wa Kero ameniandika. Kwamba nimenuna. Siku ile ya bibi."

Debora akaisogeza simu sikioni.

"Octa, upo?"

"Nipo. Lakini... pale si aliandikwa Ida?"

"Ni beji tu. Ni mimi."

Debora akasikia anapumua.

"Debo, kuna mteja amesimama hapa. Nitakupigia."

Hakupiga. Debora akangoja nusu saa, kisha akaamua kumwandikia huyo Mzee wa Kero mwenyewe, amwombe kwa heshima aseme kwamba msichana yule alikuwa msibani. Akafungua ukurasa. Ile habari haikuwepo. Dakika thelathini tu zilizopita ilikuwepo, sasa imefutwa.

Akaendelea kuteremka kwenye ukurasa akiitafuta, akapita habari hii na ile, hadi akafika kwenye moja ya wiki tatu nyuma.

"Miaka minne nimelisubiri gemu hili. Unaingia, unakuwa shujaa, unapewa upanga na farasi. Nimefika kijijini, kuna mama ana mgahawa. Ukimfuata: 'Karibu msafiri, supu ipo.' Nyumba yake inaungua nyuma yake: 'Karibu msafiri, supu ipo.' Mwanawe amelala mlangoni amekufa: 'Karibu msafiri, supu ipo.' Waliotengeneza gemu hili hawajui kwamba mtu ana moyo?"

Debora alisoma mara mbili. Maneno hayo aliyajua. Aliyasikia kwa masikio yake, Jumapili moja kwenye simu, Octavian akiigiza sauti ya yule mama wa supu, yeye akicheka hadi machozi. Neno kwa neno. Na Jumapili ile Mzee wa Kero alikuwa bado hajayaandika.

Sasa mtu akikwambia moyo hauumi kama jeraha, mwulize alipendwa na nani. Debora hakulala vizuri, na kesho yake akapanda gari la kwanza kwenda Kilosa.

Octavian alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa, bisibisi mkononi.

"Karibu msafiri, supu ipo," alisema Debora mlangoni.

Bisibisi ikaanguka. Octavian hakuuliza umejuaje.

"Debo. Kaa kwanza."

"Nijibu nikiwa nimesimama. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu. Nilianza na magemu tu, mengine yanatangazwa mno halafu unakuta hovyo. Nikaandika hasira zangu, watu wakapenda. Baadaye wakaanza kunitumia kero za migahawa, nikawa naziweka."

"Mwaka na nusu nakusoma, nakuhadithia hata vichekesho vya Mzee wa Kero, na wewe unacheka na mimi. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona utanikataza. Kwa vile na wewe ni mhudumu."

"Kumbe ulilijua hilo."

Octavian akainamisha kichwa.

"Naapa sikujua kwamba ni wewe. Paliandikwa Ida. Nilidhani ni mwenzako. Na wewe uliniandikia saa nne kwamba bibi amefariki, nikajua umeshaondoka."

"Ulijua au ulidhani?"

"Nilidhani."

"Hukupiga simu kuuliza nimefika wapi."

"Sikupiga."

Debora akatoa simu yake kwenye pochi. "Ngoja nikusomee ulichonijibu. 'Pole sana mpenzi. Jikaze. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.' Saa nne na dakika hamsini. Ile habari yangu uliiweka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Saa nzima na zaidi. Nilikuwa natembea na sahani za watu, kila nikifika jikoni nalia kidogo, nafuta uso kwa aproni, natoka tena. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma kero za watu."

Alijibu kwa sauti ndogo sana. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua simu yake akachungulia, akaona hali ya hewa, akarudi alikotoka.

"Picha uliiona?"

"Niliiona."

Debora akaweka mkono wa kulia mezani, katikati ya skrubu na vioo vya simu. Kutoka kwenye kiwiko hadi kidole gumba kulikuwa na kovu refu la mafuta ya maandazi.

"Huu hapa. Nilipoungua ulinifunga kitambaa wewe, ukawa unakuja Mikumi kila jioni kunibadilishia. Nikija Kilosa Jumapili unaushika tangu kanisani mpaka stendi. Hukuujua?"

Octavian aliutazama mkono ule muda mrefu. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema picha ilikuwa na giza. Hapo lazima tumpe haki yake, hakudanganya.

"Sikuiangalia picha, Debo. Niliangalia maneno. Niliona yatachekesha."

Ndipo Debora akakaa. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, ukweli huu hakujiandaa nao, na ulimuuma kuliko uongo wowote.

"Yule mama wa kwenye gemu ulimwonea huruma," alisema polepole. "Mtu ambaye hayupo, wa kuchorwa. Ukakasirika kwamba nyumba yake inaungua na yeye anaambiwa akaribishe wageni tu. Octa, nyumba yangu ilikuwa inaungua. Bibi ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitatu. Mimi sikumtukana abiria, sikumwaga chakula cha mtu. Nilishindwa kutabasamu tu. Ukaniambia nikalime."

Octavian alianza kulia. Hakujificha, hakufuta.

"Nimekukosea. Nifanye nini?"

"Sijui. Na usinipe mimi kazi ya kukutafutia dawa."

"Habari nimeshaifuta."

"Umefuta kwako. Kwenye simu elfu tisa utaingia lini?"

Akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Barua yako iko kwa mjomba. Arobaini ikiisha nitaitwa nijibu. Nitajibu mwenyewe."

Jioni ile Octavian aliandika tena kwenye ukurasa wake, safari hii kwa jina lake na sura yake. Debora alitumiwa na rafiki.

"Mzee wa Kero ni mimi, Octavian, fundi simu wa Kilosa. Mhudumu niliyemwandika wa Mikumi haitwi Ida, na siku ile alikuwa amefiwa, akanyimwa ruhusa hadi mabasi yapite. Sikuuliza. Ni mchumba wangu, lakini hata angekuwa mtoto wa mtu nisiyemjua, ningekuwa nimekosa vilevile. Kero za wahudumu nimeacha kuanzia leo."

Watu walimtukana. Mkuki kwa nguruwe, walimwambia, kwako umekuwa mchungu. Wengine waliandika kwamba msichana naye angetabasamu tu, wangapi wamefiwa na wanafanya kazi. Debora alizima simu, akafungasha vitu vyake, akahamia kwa mama yake Ulaya.

Baada ya siku mbili akaiwasha, ujumbe ukaingia.

"Nimekwenda kwa Mama Costancia nikamwambia kosa ni langu, akurudishe. Akaniambia, kijana, maneno yako hayanirudishii madereva. Agiza chakula au nipishe mlango. Nimeshindwa. Nimeona ujue kutoka kwangu."

Debora alisoma, hakujibu. Mama Costancia hakupiga simu siku ile, wala hajapiga hadi leo. Debora alianza kukaanga vitumbua na kuviuza siku za gulio, na wateja wengine walikuwa na gubu kweli, lakini walau walimwita kwa jina lake.

Wiki ya tatu Octavian akafika Ulaya. Hakumwuliza Debora. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba Yared, akamwamkia, akakaa chini. Debora alikuwa jikoni na mama yake, ukuta ni mmoja na sebule ya mjomba, kila neno likasikika.

"Mjomba, sikuja kufuatilia barua. Nimekuja kwenye msiba. Nimechelewa, na sababu ya kuchelewa nataka uijue."

Akaeleza yote. Ukurasa, picha, saa nne, saa sita. Hakupunguza. Mjomba Yared alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kusikiliza hadi mwisho.

"Kijana, unajua baada ya haya naweza kuirudisha barua yako?"

"Najua, mjomba."

"Basi kwa nini umeniambia?"

"Binti yenu ataulizwa mbele yenu. Sikutaka ajibu huku anaficha jambo kwa ajili yangu."

Mama akamtazama Debora. Debora akaendelea kuchambua mchele, machozi yakadondokea kwenye ungo, mama akamwacha alie.

Octavian alilala kwa mjomba siku tatu. Alikwenda shambani na watu wa nyumbani kuvuna mahindi aliyoyaacha bibi, jioni akakaa na wazee, akiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na wazee wakapata wa kumsimulia. Debora alimpelekea chakula mara moja tu. Waliamkiana, wakaishia hapo. Alikuwa bado anampenda, na bado ana hasira naye, vyote viwili kwa pamoja, na hakujua kipi kitatangulia.

Arobaini ikaisha. Jumamosi iliyofuata mshenga Mzee Nikolaus alifika kutoka Kilosa na watu wawili, Octavian nyuma yao. Sala ikasomwa. Mjomba Yared akaiweka barua juu ya meza, Debora akaitwa, akapiga magoti mkekani.

Mwenye kuyajua mambo haya anajua yanavyokwenda. Binti anaulizwa, anainamisha uso, anasema ndiyo mjomba kwa sauti ya chini, wanawake wanapiga vigelegele, chakula kinaletwa. Hakuna anayetegemea maneno mengine.

"Debora," alisema mjomba, "wageni hawa wamekuja na barua. Unawajua?"

"Namjua mmoja, mjomba."

"Barua yake tuipokee au tuirudishe?"

Debora hakuinamisha uso. Alimtazama Octavian, kisha akamgeukia mjomba wake.

"Mjomba, mtu huyu alinikosea, na nyote mmeshasikia. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Nimejaribu kusahau nalo nimeshindwa. Msamaha nimempa nusu, nusu nyingine naendelea kuitafuta, na nataka aijue hali hiyo leo, asije kuishangaa ndani ya nyumba."

Mzee Nikolaus akakohoa kidogo. Katika posa zote alizopeleka, hakuwahi kusikia jibu la namna hii.

"Kwa hiyo tuirudishe?" aliuliza mjomba.

"Hapana. Ipokeeni. Ila nina neno moja kwake."

"Liseme."

"Octavian, siku ukirudi nyumbani ukanikuta nimenuna, niulize mimi nina nini. Usiwaambie watu kabla hujaniuliza."

Octavian alimtazama usoni.

"Nitakuuliza, Debo. Na nitakaa nisubiri unijibu."

Mjomba Yared akaichukua barua, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Vigelegele havikupigwa, kwa heshima ya marehemu. Debora akabaki amepiga magoti pale mkekani, analia wazi mbele ya wageni, na hakuna hata mmoja aliyemwambia atabasamu.