Laptopu ya Kaka Maximilian

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Konsolata alimpeleka ng'ombe wao Madoa kunywa maji mtoni. Saa hizo kijijini kwao Nambis huwa na baridi kali, na ukungu hulala juu ya mashamba hata nyumba ya jirani usiione. Zamani kazi hiyo aliifanya pamoja na kaka yake, Maximilian, ambaye hakukosa neno la kuchekesha njia nzima. Tangu kaka aende chuo kikuu Dodoma, Konsolata alibaki na ng'ombe tu. Alimsimulia Madoa habari za darasa la sita, akamwimbia, na siku nyingine akamlalamikia. Madoa alitikisa masikio, akaendelea kunywa.

Maximilian aliporudi likizo, Konsolata alidhani upweke wake umekwisha. Haikuwa hivyo. Kaka aliyerudi alikuwa mkimya. Aliulizwa habari za chuo akajibu, "Nzuri tu," kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba, akilitazama bonde.

Jumapili, walipotoka kanisani na kukaa kula, Maximilian alisema ghafla, "Baba, nahitaji laptopu."

"Ya kufanyia nini?" aliuliza baba yao, mzee Akonaay.

"Ya kuandikia masomo. Wahadhiri wanasema haraka sana. Wenzangu wanaandika kwa laptopu, mimi na kalamu yangu nabaki nyuma. Nisipoipata, nitafeli."

Neno hilo la kufeli lilimshtua mzee. Katika ukoo wao hakuna mtu mwingine aliyewahi kufika chuo kikuu. Alisogeza sahani yake kando.

"Basi Jumamosi nitampeleka Madoa mnadani," alisema.

"Lakini ana mimba, baba Maximilian," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mama. Ila mtoto asifeli kwa sababu yetu."

Hakuna aliyemwuliza Konsolata. Aliondoka taratibu akaenda zizini, akauegemeza uso wake kwenye shingo ya Madoa na kulia hadi alipoitwa kuosha vyombo.

Kesho yake alikwenda na kaka yake kukata majani ya ng'ombe. Walifanya kazi kimya. Mwishowe Konsolata alishindwa kuvumilia.

"Kaka, huko chuoni mnasoma nini?"

"Mambo ya udongo," alijibu Maximilian. Kisha, kama mtu aliyefunguliwa, alianza kueleza. Alimwonyesha korongo lililokata shamba la ng'ambo, akamweleza jinsi maji ya mvua yanavyoubeba udongo wa mteremkoni, na kwa nini matuta yaliyokingama huuzuia. Aliweka mundu chini, akachora mistari ardhini kwa kijiti. Alikuwa kaka yule yule wa zamani, na Konsolata alitamani asinyamaze.

"Umeyashika vipi yote hayo?" aliuliza.

"Niliyaandika darasani."

"Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, ndiyo." Maximilian aliangalia pembeni.

"Kumbe huachwi nyuma," Konsolata alisema polepole.

Maximilian alikaa juu ya majani. "Konso, wewe hujui. Kipindi kikiisha, wenzangu wanakusanyika na laptopu zao, wanaonyeshana filamu, wanacheka. Mimi narudi chumbani peke yangu. Kuna siku nimelala bila kusema neno na mtu yeyote. Nikiwa na laptopu, nami nitaitwa." Kisha akamshika mkono. "Usimwambie baba. Niahidi."

Konsolata aliuchomoa mkono, akaendelea kukata majani bila kuahidi. Wiki nzima neno hilo lilimsumbua. Akisema, atampoteza kaka, mtu pekee anayezungumza naye. Akinyamaza, baba atamwuza ng'ombe kwa jambo lisilo la kweli. Tena watu watasema anamtetea Madoa wake. Shuleni alikaa pembeni wakati wenzake wakiruka kamba, na walipomwita hakuwasikia.

Ijumaa baada ya shule alimkuta baba uani, akisokota kamba mpya ya kumpelekea Madoa mnadani. Mama na Maximilian walikuwa wakipukuchua mahindi karibu.

"Baba," alisema. "Mimi sitaki Madoa auzwe. Hilo nalisema kabisa. Lakini si kwa sababu hiyo tu. Kaka anaandika masomo yake vizuri kwa kalamu. Ameniambia mwenyewe."

Maximilian alitupa gunzi chini. "Umenigeuka, Konso!" Akaondoka uani kwa hasira.

Baba hakugomba. Aliiweka kamba juu ya kigogo. "Kesho mnadani siendi," alisema. "Tutakwenda wote kwa Mwalimu Kissa. Yeye amesoma chuo kikuu, mimi sikusoma."

Asubuhi walikwenda wakiwa watatu, mama akabaki na ng'ombe. Maximilian alitangulia mbele, bila kumtazama dada yake hata mara moja. Mwalimu Kissa, mwenyeji wa Mbeya aliyefundisha shule ya Konsolata, aliwakuta wamesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Tumekuja na swali. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuandika masomo bila laptopu?"

"Anaweza. Mimi nilimaliza bila kuwa nayo. Darasani niliandika kwa mkono, na kazi za kuchapa nilichapa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo. Lakini wapo walioihitaji kweli, hasa wenye masomo ya michoro na hesabu za kompyuta." Alimgeukia kijana. "Wewe, Maximilian, unakosa nini hasa?"

Maximilian alifikicha vidole.

"Nakosa watu, mwalimu," alisema hatimaye. "Baba, nisamehe. Nilisema uongo."

Mzee Akonaay alimwekea mkono begani. "Ungeniambia hivyo, mwanangu. Mimi nilidhani una raha huko."

"Hata mimi nilipopangiwa hapa, sikuwa na mtu," alisema Mwalimu Kissa. "Nilijifungia ndani, nikanunua redio kubwa. Redio iliimba, nami nilibaki mpweke. Nilipoanza kwenda kwaya ndipo nikapata wenzangu. Laptopu itakusaidia kazi, siku ukiihitaji kwa kazi. Marafiki utawatafuta mwenyewe."

Kisha akamtazama Konsolata. "Na wewe umefanya vema. Ulisema kweli bila kuficha kwamba nawe una lako unalolitaka. Kumbukeni hili nyote wawili: ukimdanganya anayekupenda kuhusu shida yako, atauza alicho nacho kutibu shida isiyokuwepo, na ile yenyewe utabaki nayo."

Njiani kurudi Maximilian alipunguza mwendo mpaka dada yake akamfikia. Alitembea kando yake mpaka nyumbani.

Likizo ilipoisha aliondoka na kalamu zake. Wiki za kwanza hakukuwa na habari, na Konsolata alirudia kumpeleka Madoa mtoni peke yake asubuhi. Halafu Jumapili moja simu ya baba ililia, naye akampa Konsolata.

"Konso," Maximilian alisema, "nimepata wenzangu. Tunakaa pamoja baada ya kipindi, tunalinganisha tulichoandika. Mmoja ana laptopu, ananichapia kazi, nami namweleza mambo ya udongo. Na wewe je? Umepata mtu wa kuzungumza naye?"

Konsolata alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, ili kaka asiwe na wasiwasi.

"Bado," alisema. "Lakini kesho nitaomba kuruka kamba na wenzangu."