Tarakimu ya Sita

"Theluji imeingia jikoni."

Redio ilisema hivyo mara moja, kisha ikanyamaza.

Renata Skubic aligeuza usukani wa Ford Explorer na kuteremka kilima cha Duluth, Minnesota, kwa mwendo usiofaa kwa barabara yenye barafu. Maneno yale yalikuwa na maana moja tu: mtu waliyemsaka tangu majani yapukutike alikuwa amepiga simu, na bado alikuwa hewani.

Kwenye kiti cha pembeni ulikaa mtambo wa kunasa mawimbi ya simu, mweusi, wenye ukubwa wa sanduku la viatu. Mtambo huo ulionyesha kwa mshale upande ambako simu ilikuwa ikipigwa, alimradi mazungumzo yaendelee. Yakikatika, mshale hulala.

Mshale ulielekea ziwani.

Renata alikuwa mpelelezi wa serikali kuu, katika kitengo ambacho raia wengi hawajui kuwa kipo: kile kinacholinda fedha za mikopo ya wanafunzi. Alibeba bastola ya Glock 19 na pingu kwa ajili ya karo. Hakuona cha kuchekesha katika hilo. Alikuwa amewahi kuelekezewa bunduki kwa fedha zisizotosha ada ya muhula mmoja.

"Ni yeye?" aliuliza redioni.

"Leo anajiita Kyle. Sauti ni ileile."

"Mshike hewani."

"Si mimi ninayemshika," Orrin Haglund alijibu.

Orrin, mwenzake wa kazi, alikuwa juu kilimani, jikoni kwa Marlys Undheim, akisikiliza kwa vipokea sauti. Aliyeshika simu ni Marlys mwenyewe.

Marlys alikuwa muuguzi wa shule ya msingi. Alisomea uuguzi ukubwani, baada ya kiwanda cha karatasi kumwachisha kazi, na alisoma kwa mkopo wa serikali. Sheria ilimpa ahadi: atumikie umma miaka kumi, alipe kila mwezi bila kukosa, na deni litakalobaki litafutwa. Alikuwa ameukaribia mwisho. Kisha makato yakapanda, na kampuni iliyojiita North Lantern ikampigia simu kwa sauti ya upole, ikaahidi kuyashusha. Akawapa neno lake la siri.

Siku ileile wakaibadilisha anwani yake, barua za maonyo zikawa zinakwenda kwenye sanduku la posta huko Florida. Marlys aliendelea kulipa. Waliolipwa ni wao. Serikali, ambayo haikupokea hata senti, ilimhesabu kuwa mkaidi wa kulipa na kulikamata rejesho lake la kodi. Hapo ndipo alipojua.

Sasa North Lantern ilikuwa inafunga duka, na ilitaka mavuno ya mwisho. Kila mteja angehamishwa kutoka mkopo wa serikali kwenda kwa mkopeshaji binafsi, na North Lantern ingepokea kamisheni. Kwa mkopaji, huo ni mlango wa kutokea tu. Mkopo ukiisha kuvuka, haurudi serikalini. Msamaha wa deni hufutika, na miaka iliyotumikiwa huwa kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Ili kumvusha Marlys zilihitajika tarakimu sita, ambazo mkopeshaji huzituma kwenye simu ya mkopaji mwenyewe.

Zilikuwa zimekwisha fika.

Pamoja nazo lilifika jina la mkopeshaji, ambalo Orrin hakulijua kabla ya hapo. Alichukua simu nyingine akampigia mkopeshaji huyo ili amzuie. Mashine ilimweleza kwamba simu yake ilikuwa muhimu sana kwao. Halafu ikampigia zumari, asubiri.

Renata aliuacha ufuo na kuingia juu ya barafu ya ziwa kwa gari.

Kila Februari bandari hugeuka kitongoji. Vibanda vya wavuvi wanaovua kupitia matundu ya barafu husimama juu ya maji yaliyoganda, vikitoa moshi, kila kimoja na gari lake la Chevrolet na mbwa wake. Mshale uliuelekea mtaa huo wa mbao, na hapo ukaanza kuyumba. Mtambo ulijua upande. Haukujua mlango.

Alizima injini, akachomeka kisikizi sikioni, akashuka.

Jikoni mambo yaliharibika. Kama walivyopanga, Marlys alikuwa amesoma tarakimu za uongo, na mtu yule akamwambia kwa mzaha avae miwani. Mzaha wake haukuwa mrefu. Alisema kwamba mama akikosea tena, atajua kuwa hayuko peke yake, atakata simu, na kesho serikali itaanza kula mshahara wake.

Uongo ulikuwa umekwisha tumika. Renata alihitaji muda.

Watu wa Minnesota hawakati simu. Huaga. Nako kuaga ni safari: huaga mezani, huaga mlangoni, huaga garini kioo kikiwa kimeteremshwa, na kila kituo kina habari zake. North Lantern ilinenepa juu ya adabu hiyo hiyo. Iliwapigia simu watu wasioweza kumfungia mgeni mlango. Marlys alikuwa mmoja wao, naye alikuwa ameilipia.

"Haya basi, Kyle, nisikucheleweshe," Marlys alisema. "Una kazi zako."

"Tarakimu, mama."

"Ndiyo, nakusomea, halafu nakuacha. Huko uliko kuna baridi?"

"Mama, mimi si jirani yako."

"Najua. Jirani angekuwa keshaniuliza habari za goti langu."

Orrin alirudia kwenye redio kwamba anaaga. Renata alielewa. Aliinama dhidi ya upepo, akapita kati ya vibanda.

Alimkuta mzee mmoja mwenye koti la kazi la Carhartt akichota vipande vya barafu katika tundu lake. Alimwonyesha beji na kumuuliza kuhusu wageni. Mzee alifikiri kwa muda wa kutosha. Alisema kuna mmoja kule mwisho, amekaa wiki nzima, hajavua samaki wala hajasalimia mtu, na hajui kati ya hayo lipi ni baya zaidi.

Kibanda kilikuwa kipya. Mlango wake ulielekea upepo, jambo ambalo mtu wa hapa hulifanya mara moja tu maishani. Jenereta ya Honda ilinguruma pembeni, nyaya zikapanda juu ya paa. Gari jeupe aina ya Escalade lilisimama karibu na kibanda kupita kiasi. Na mahali pote pale barafu ilikuwa laini: hakuna chenga za barafu, hakuna ndoo, hakuna damu ya samaki.

Hakuna aliyewahi kutoboa tundu.

"Nimekiona," Renata alisema.

"Fanya haraka. Anataka kukata."

Kyle alikuwa amechoka kuagwa. Alisema kwaheri, neno moja, kavu, kwa lafudhi ya mbali. Marlys aliiangalia simu. Bila kumtazama Orrin, akavaa miwani.

"Nne," alisema.

Orrin alitikisa kichwa kwa nguvu. Tarakimu ile ilikuwa ya kweli.

"Moja. Tisa."

Orrin aliunyosha mkono aichukue simu. Marlys aliusukuma kama anavyousukuma mkono wa mtoto anayekataa sindano, akaendelea kusoma, polepole, tarakimu ya nne, kisha ya tano. Alijua anachokiuza. Miaka yake ya kuosha magoti ya watoto wa watu ilikuwa inapita mdomoni mwake, kipande kwa kipande, ili mpelelezi asiyemwona apate hatua chache zaidi.

"Renata," Orrin alisema. "Imebaki moja."

Renata alitoa kisu cha Leatherman na kukata waya wa jenereta.

Kibanda kikawa giza. Alipiga mlango kwa bega, bastola mbele.

"Serikali kuu. Mikono juu."

Kwa mujibu wa tovuti yake, North Lantern ilikuwa na idara tano. Ndani alikuwamo mtu mmoja. Brent Vassallo, aliyejiita Kyle na aliyewahi kuuza magari yaliyotumika huko Tampa, alikaa kwenye kiti cha kukunja kati ya rafu za laini za simu, kompyuta mapajani, simu sikioni. Alikuwa na viatu vya ngozi.

Aliliangusha jiko la gesi kwa teke.

Moto ulipanda ukutani. Renata aliruka nyuma, akajiviringisha kwenye theluji, na alipoinuka Vassallo alikuwa amepasua ukuta wa turubai wa upande wa pili na kuingia kwenye Escalade, na kompyuta yake chini ya kwapa. Intaneti ya kibandani ilikuwa imekufa. Ya simu yake ya mfukoni haikuwa imekufa.

"Bado yuko hewani," Orrin alisema. "Anamtaka amalizie."

"Anaendesha kuelekea wapi?"

"Wewe ndiye unayemwona."

Renata alimwona. Escalade ilikuwa inaelekea katikati ya bandari, ambako wavuvi walikuwa wamesimika mistari ya miti mikavu ya Krismasi. Kwa mwenyeji, miti hiyo ni ukuta. Nyuma yake hupita meli ya kuvunja barafu, na barafu inayojifunga juu ya njia yake haizidi unene wa kitabu.

Vassallo aliona takataka. Akapita katikati yake.

Renata hakupiga risasi. Alikwenda kwenye Explorer kuchukua kamba.

Sauti ya barafu ilikuwa kama ya kabati linaloanguka ghorofani. Pua ya Escalade ilizama kwanza.

Jikoni, sauti iliyokuwa ikidai tarakimu ya sita iligeuka kuwa kelele zisizo na maneno. Orrin alisema baadaye kwamba alifikiri Marlys angeiweka simu chini. Alikuwa na haki. Hata dhambi isingekuwa.

"Kyle," Marlys alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuaga tena. "Nisikilize mimi. Toa mkanda."

Kelele.

"Mkanda. Vizuri. Sasa teremsha kioo. Usiguse mlango, hautafunguka. Kioo."

"Mama, maji..."

"Najua ni maji. Kichwa kwanza. Iache hiyo kompyuta, mwanangu. Iache."

Simu ikafa.

Renata alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu inayolia, kamba imefungwa kwenye gari nyuma yake. Kichwa kilitokeza katika maji meusi, kisha mkono mmoja, mtupu. Alimvika kitanzi kwapani na kumvuta sentimita baada ya sentimita. Alipomfikisha kwenye barafu nene alimfunga pingu kabla ya kumfunika blanketi.

Vassallo alitetemeka hata asiweze kutamka. Neno lake la kwanza lilikuwa wakili. La pili lilikuwa swali: yule mama ni nani?

"Muuguzi," Renata alisema.

Gari la wagonjwa lilimchukua chini ya ulinzi. Laini za simu ziliokolewa kabla kibanda hakijateketea.

Renata alipofika jikoni, zumari lilikuwa limekoma. Mtu halisi alikuwa amempokea Orrin hatimaye na kuthibitisha kwamba ombi la mkopo halikukamilika na limefutwa. Deni la Marlys Undheim lilibaki serikalini, mahali lilipokuwa. Ahadi ya miaka kumi ilikuwa hai.

Marlys alikuwa amekaa, miwani bado usoni. Aliuliza kama yule kijana ataishi. Renata alisema ataishi. Marlys aliitikia kwa kichwa, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. Kisha akauliza alilokuwa amelisubiri tangu vuli.

"Ile miaka miwili niliyowalipa wao. Itahesabiwa?"

Orrin alitazama dirishani.

"Hapana," Renata alisema. "Serikali haikupokea malipo. Malipo yasiyopokewa si malipo."

"Hata mkimfunga?"

"Hata tukimfunga."

"Nilikuwa nistaafu Juni."

"Najua."

Marlys alivua miwani. Alilipapasa goti lake chini ya meza, bila kulitazama, kama mtu anayemuuliza mwenzake wa safari iwapo ataweza.

"Basi nimpigie mwalimu mkuu," alisema. "Kabla hajampa mtu nafasi yangu."

Alianza kutafuta namba. Renata aliweka kadi yake mezani, akavaa glavu, akatoka.

Nje theluji ilikuwa imeanza tena. Aliingia kwenye Explorer na redio ikamwita. Makao makuu, mjini Chicago, walitaka muhtasari kwa ajili ya mkurugenzi: mtuhumiwa, vielelezo, hasara.

"Mtuhumiwa mmoja, mzima," Renata alisema. "Vielelezo tunavyo."

"Na hasara?"

Aliwasha vifuta kioo.

"Kwa serikali, hakuna."

Akaizima redio, akaondoka.