Mtu wa Kusukuma

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili na jasho. Mpango ulichorwa kwa chaki sakafuni: mgodi, stoo ya uwanja wa ndege, bonde la mto mkavu. Wawili, Dereva na shemeji yake, walisimama. Mwenyekiti alikuwa amekalia tairi. Jina hilo walimpa kwa sababu popote alipoingia alipata pa kukaa.

Kabla kampuni ya mgodi haijamtimua, alikuwa mnyapara wake. Siku walipovunja nyumba za wachimbaji wadogo, yeye ndiye aliyepita mbele ya tingatinga akionyesha kwa fimbo: hii, na ile. Leo alihubiri haki. Dhahabu ni yetu, alisema. Yetu!

Dereva alimsikiliza akitafuna njiti. Nyumba ya mama yake ilikuwa miongoni mwa zile. Hakuja kwa ajili ya haki ya mtu huyu. Alikuja kwa sababu shemeji yake, fundi wa kuchomelea, alikwishakubali kukata kufuli, na dada yake, tumbo likiwa la miezi minane, alimshika mkono akamwambia neno moja tu: umrudishe.

Alitoa sharti. Wakifika ukingoni mwa bonde, wasimame apunguze upepo wa matairi. Tairi laini hutanuka, likapita juu ya mchanga. Gumu huchimba kaburi lake lenyewe. Mwenyekiti akasema sawa, sawa, kama mtu anayefukuza nzi.

Saa saba mchana.

Kufuli la stoo lilikatika upesi. Masanduku mawili ya dhahabu yakaingia nyuma ya gari. King'ora kikalia kabla mlango haujafungwa.

Ukingoni Dereva akapunguza mwendo. Mwenyekiti akamwekea bastola ubavuni.

"Endesha."

"Matairi."

"Nimesema endesha."

Magurudumu yote manne yakavuta, gia nzito, injini ikilia. Wakafika katikati ya bonde. Hapo gari likaanza kuzama, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Nyuma yao magari ya walinzi, yaliyozoea lami, yalisimama ukingoni. Walinzi wakashuka kwa miguu.

Dereva akaruka nje, akatoa upepo, tairi moja baada ya jingine. Shemeji alifukua kwa koleo, kisha kwa mikono, akitania kwamba mshahara wa kazi hii haukutajwa. Mwenyekiti hakushuka. Kifua kinambana, alisema.

Dereva akarudi kwenye usukani. Shemeji akaweka bega nyuma ya gari. Likatikisika, likauma mchanga, likaenda.

Wote walijua kanuni. Gari likishatoka halisimami mpaka kwenye udongo mgumu. Anayesukuma hukimbia, akarukia. Shemeji alikimbia. Mkono wake ulishagusa bodi risasi ilipompata gotini.

Dereva alimwona kwenye kioo, akijikunja.

"Usisimame," Mwenyekiti alisema.

"Ni mume wa dada yangu."

"Fungu lake nitakupa wewe."

Mara ngapi alishawahi kusikia sauti hiyo? Hii, na ile.

Akainua mguu kwenye mafuta, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likazama mpaka kwenye ekseli. Akazima, akachomoa ufunguo, akautupa mbali mchangani. Bastola ilimtazama usoni.

"Nipige," alisema. "Halafu ushuke, usukume."

Mwenyekiti hakupiga. Hakushuka pia.

Dereva alishuka, akarudi mikono juu mpaka alipoanguka Shemeji, akapiga magoti. Alivua shati akalifunga juu ya goti, akakaza kwa meno. Shemeji alikuwa mweupe midomoni.

"Mbona umerudi, we mwehu? Ulishatoka."

"Dada akikasirika unamjua wewe au mimi?"

Shemeji alitaka kucheka, ikatoka kama kikohozi. Walinzi walikuwa wakipiga kelele sasa: laleni chini, laleni. Dereva akamweka mgongoni, akainuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye bunduki.