Karatasi ya Fedha Kwenye Fyuzi

Land Cruiser ya Wajir iliungua Jumatano mchana, saa saba u nusu, ndani ya gereji iliyofungwa huko Hockley, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Ilikuwa Ramadhani, Oktoba 2006. Fundi Abdirahim aliacha swala ghorofani akashuka mbio, akajaribu kulivuta friji nje ya moto. Plastiki iliyoyeyuka ikamgandia mikononi, na hospitali ikasema vidole viwili huenda visipone.

Gari hilo lilinunuliwa kwa michango ya watu wa Wajir waishio Birmingham. Lilikuwa lipelekwe Mombasa kwa meli, kisha lizunguke na chanjo kwenye vijiji visivyo na umeme. Ndiyo maana liliwekewa betri ya pili: friji lipoe usiku kucha injini ikiwa imezimwa, na asubuhi betri ya kwanza iwe bado na nguvu ya kuliwasha gari. Aliyefunga betri hiyo na nyaya zake ni Hillow.

Kabla wazima moto hawajakunja mipira yao, mwenye kosa alikuwa amekwisha kupatikana.

"Waya gani hizi umefunga?" Haji Mohamedamin alimfokea Hillow uani, mbele ya watu wote. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya gari. "Friji lenyewe lilikuwa limechomolewa! Halikuvuta umeme wowote! Sasa moto umetoka wapi kama si kwenye uchafu wako?"

"Haji, mimi nimefunga vizuri."

"Umefunga vizuri na mwenzako yuko hospitali? Ijumaa baada ya swala nitawatangazia watu wasikupe tena gari hata la kubadilisha taa."

 Hillow alikuwa na watoto wanne na ufundi huo mmoja. Tangazo kama lile likitoka msikitini, kufika jioni hana kazi Birmingham nzima.

Jairus, mlinzi wa lango, aliyasikia yote, na damu ikamchemka. Kabla ya kuja Uingereza alikuwa mpelelezi wa polisi Garissa, na kule alikuwa ameona watu wengi wakihukumiwa kwa sababu tu aliyewashtaki alikuwa na sauti kubwa.

Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa swichi kuu ya umeme, kwa hiyo ofisa wa zimamoto alipoingia kukagua, aliingia naye. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Nyuma ya gari kulikuwa kumeteketea. Plagi ya friji ilikuwa sakafuni chini ya kiti, chuma chake kikiwa safi. Ndani ya soketi kulikuwa na plagi nyingine, imeyeyuka, na waya wake uliishia kwenye kopo jeusi lililopondeka. Ofisa alisema ni taa ya fundi. Jairus aliinama. Taa gani ina mdomo wa kumiminia?

Mbele, moto haukufika. Alhamisi asubuhi alimwita Hillow, wakafunua boneti. Betri mbili zilikaa pande mbili, nzima. Kando ya ile mpya kulikuwa na kisanduku cha fyuzi.

"Fungua," Jairus alisema.

Hillow alifungua, akaichomoa fyuzi ya friji, akaguna. Ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha, ile laini ya kufungia peremende.

"Ni wewe?"

"Wallahi si mimi! Nani mwendawazimu huyu?"

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Waya wa friji ni mwembamba. Fyuzi yake ni ya ampea kumi. Kitu kikivuta zaidi, fyuzi inakatika kabla waya haujapata moto. Ukiifunga karatasi hii, haikatiki tena. Waya ndio unaoungua, chini ya zulia, na wewe huoni."

"Friji linavuta ngapi?"

"Tano. Sita likizidi."

"Fyuzi iliwahi kukatika?"

"Jumatatu, na tena Jumanne. Kila nikija baada ya swala ya mchana naikuta imekufa. Nikadhani nimeuziwa fyuzi mbovu. Za akiba zikaisha, Jumatano nikaenda kwa Ranjit kuchukua nyingine. Nilikuwa dukani kwake moshi ulipotoka."

Mlango wa pili, Ranjit alikuwa akiuza betri na vipuri. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakikuwa na kutu.

"Nimesikia Haji anasema ni mimi," alianza kabla hajaulizwa. "Eti kwa sababu tuligombana juu ya maegesho. Jana shetani wake alikuwa Hillow, leo mimi. Kesho atakuwa wewe, Jairus, jitayarishe."

"Hillow alikuwa hapa saa saba u nusu?"

"Hapo hapo uliposimama. Ananibishia bei ya fyuzi kama ananunua ng'ombe."

"Una birika la kuchomeka ndani ya gari?"

"La nini, bwana? Birika langu lile pale mezani. Nakunywa chai mlango wazi, mchana kweupe, na wao wanapita wamefunga, tunasalimiana. Nijifiche ndani ya gari la watu nina wazimu?"

 Asiyetarajiwa kufunga hana sababu ya kujificha, Jairus aliwaza.

"Asante, Ranjit."

"Chai hutaki?"

"Leo chai inanitia hasira."

Funguo za gereji zilikuwa tatu. Hillow alikuwa dukani. Abdirahim alikuwa ghorofani akiswali, na wenzake wawili waliokuwa ubavuni mwake walimwona akitoka mbio. Mwenye ufunguo wa tatu hakupita langoni, lakini gereji ilikuwa na mlango wa nyuma unaotokea kwenye mfereji, na ufunguo ule ule uliufungua. Jairus alizunguka huko. Kwenye majani kando ya mlango aliokota vipande vitatu vya karatasi ya fedha, vimeviringwa vidogo vidogo kama mtu asiyetaka vionekane.

Ijumaa saa tano aliwaita gerejini Hillow, Ranjit na Haji Mohamedamin. Haji aliingia na kanzu nyeupe, uso umemwiva.

"Askari wa lango ananiita mimi? Nina hotuba ya kutoa."

"Ndiyo hiyo nataka kuizuia, Haji. Jumatano uani ulisema friji lilikuwa limechomolewa. Nani alikuambia?"

"Kila mtu aliona."

"Hakuna aliyeona. Tuliingia wawili, mimi na ofisa, na wewe ulisema kabla hatujaingia. Hillow, asubuhi ile uliliacha vipi?"

"Limechomekwa, linafanya kazi," Hillow alisema. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Basi aliyelichomoa anajua kwa nini. Alichomeka birika. Birika linavuta kupita kiasi cha waya ule, ndiyo maana fyuzi ilikatika Jumatatu na Jumanne. Jumatano hakupata ya akiba, akaifunga karatasi. Na ufunguo wa tatu ni wako, Haji."

"Kule kwetu tunafunga hivyo na gari linafika!" Haji alifoka. Maneno yalikwisha kutoka.

Ranjit alitikisa kichwa. "Kule unafunga ufike kijijini, baba. Hapa ulikuwa unachemsha maji."

Haji alitaka kujibu, lakini jasho lilimtiririka, akayumba. Hillow alimdaka, akamkalisha juu ya tairi. Mkono wa mzee ulitoka mfukoni umeshika peremende za glukosi, zimefungwa karatasi ya fedha. Alizitazama, akawatazama wao, akashindwa kuzitia mdomoni.

"Kula!" Hillow alimpigia kelele, machozi ya hasira yakimtoka. "Kula, mzee! Una ugonjwa wa sukari, dini imekuruhusu! Nani alikukataza?" Alimenya moja mwenyewe, akamsukumia mdomoni.

Sukari ilipomwingia, Haji alisema.

"Daktari alinikataza kufunga. Imamu pia. Lakini mwaka jana nilimfukuza kijana msikitini, mbele ya watu, kwa kuvuta sigara mchana wa Ramadhani. Ningekula vipi mbele yao? Nyumbani wakwe wamejaa. Gari lilikuwa na vioo vyeusi."

"Na moto?" Jairus aliuliza.

"Nilitoka mlango wa nyuma kumwaga makombo. Niliporudi zulia lilikuwa linawaka. Nikakimbia."

"Hukupiga hata kelele. Abdirahim alikuwa juu yako, ngazi moja tu!"

Haji alishika tairi, akajaribu kuinuka.

"Utatoa hotuba yako," Jairus alisema. "Ila jina utakalotaja ni lako. Ukinyamaza, nitapanda mimi, na mimi si hata Mwislamu."

Alilitaja. Jioni hiyo hiyo polisi walichukua maelezo yake.

Hasara ilikuwa hivi. Land Cruiser moja na friji lake. Chanjo za vijiji vya Wajir, ambazo hazikwenda mwaka ule wala uliofuata. Siku mbili za jina la Hillow, na wateja watatu ambao hawakurudi hata baada ya kuusikia ukweli. Vidole viwili vya Abdirahim, cha shahada na cha kati, vilivyokatwa Jumatatu. Na kikombe kimoja cha chai, ambacho maji yake hayakuwahi kuchemka.